Kujipima kwa Asiyejiamini

Mtumishi wa umma huandika mambo mengi katika maisha yake ya kazi: barua za likizo, kumbukumbu za vikao, taarifa za robo mwaka, maombi ya uhamisho. Lakini andiko linalomtoa jasho kuliko yote ni lile linalomtaka ajieleze na kujipa alama yeye mwenyewe. Nimeyasoma maandiko ya namna hiyo kwa miaka mingi, ya wakufunzi na ya wanachuo, na mara zote nimeona yakichukuliwa kuwa ni makaratasi ya ofisi tu, ya kujazwa, kutiwa sahihi na kufungiwa kabatini. Mimi nadhani yanastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki hadithi au shairi. Yana msimulizi, yana mhusika mkuu, yana hadhira, na yana mwisho unaoweza kumpandisha mtu cheo au kumwacha palepale alipo. Ugumu wake ni kwamba msimulizi na mhusika mkuu ni mtu mmoja, na mtu huyo aghalabu hajiamini.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Hapa Tanzania, kwa miaka mingi mtumishi alipimwa kwa taarifa ya siri. Mkuu wake wa kazi aliandika maoni yake peke yake, akaifunga bahasha, na kwa kawaida mtumishi mwenyewe hakuonyeshwa kilichoandikwa. Mwaka 2004 ukaletwa mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi, ambao wengi waliuita kwa jina la mkato, OPRAS. Katika mwaka wa fedha 2023/24 mfumo huo nao ukapisha ule wa kielektroniki uitwao PEPMIS. Majirani zetu wa Kenya walianzisha tathmini ya walimu iitwayo TPAD mwaka 2016, nayo pia humtaka mwalimu ajipime kwanza, kisha akae na msimamizi wake. Chama cha walimu cha KNUT kiliupinga mpango huo, lakini ukaendelea.

Nia ya mabadiliko hayo ilikuwa njema, na sitaki nieleweke vibaya. Kumpa mtu nafasi ya kusema kabla hajahukumiwa ni haki ya msingi. Lakini uwazi una sharti moja ambalo halikuandikwa popote: huwafaa wale wanaoweza kujisemea. Zama za bahasha, mtumishi mnyamavu na mtumishi msemaji walikuwa sawa, kwani wote wawili hawakuulizwa. Siku walipoulizwa, tofauti ya ndimi zao ikageuka kuwa tofauti ya alama. Hapo ndipo mkasa wa andiko hili unapoanzia.

Itazame fomu ya OPRAS ilivyopangwa. Katika sehemu ya tathmini ya mwisho wa mwaka kulikuwa na safu tatu za alama: ya kwanza ya mtumishi mwenyewe, ya pili ya msimamizi, ya tatu ya makubaliano. Alama zilikwenda kutoka 1 hadi 5, na 1 ndiyo iliyokuwa bora, kama daraja la kwanza katika mtihani. Baada ya malengo ya kazi zilifuata sifa za mtu: uhusiano wake na wenzake, usikivu, uongozi, uwajibikaji, utii, uadilifu. Ndugu msomaji, hebu jiweke katika kiti cha mwalimu mnyenyekevu aliyeambiwa ajipe alama ya uadilifu. Akijipa 1, anajiona mwenye majivuno. Akijipa 3, anajisingizia kuwa uadilifu wake ni wa wastani, jambo ambalo mtu muungwana hawezi kulivumilia likisemwa na mwingine. Basi huandika 2, halafu hulala akijiuliza kama hata hiyo si kujikweza.

Hapa naona kasoro ya kwanza, na si ya mjazaji bali ya fomu yenyewe. Inaomba hukumu mahali ambapo ingeomba ushahidi. Namba moja ndani ya kisanduku ni hukumu tupu. Haisemi mtu alifanya nini, lini, na nani, kukawa na matokeo gani. Na mtu asiyejiamini, kwa tabia yake, ni hakimu mbaya wa nafsi yake mwenyewe, ingawa anaweza kuwa shahidi mzuri sana. Mwulize kama yeye ni mwalimu bora, atainamisha kichwa. Mwulize Jumatano iliyopita alifundisha nini, nani hakuelewa na alimsaidiaje, atakueleza bila kukosea hata jina la mtoto.

Kasoro ya pili ni ya lugha ya mjazaji. Katika maandiko ya watu wasiojiamini nimeona mazoea matatu ya sarufi yanayojirudia. La kwanza ni wingi wa kujificha. Mtu aliyebeba vitabu mabegani mwake, akapanga rafu na kuandika orodha usiku, huandika: "Tulianzisha maktaba." La pili ni kauli ya kutendwa: "Maktaba ilianzishwa." Ilianzishwa na nani? Sentensi haina mtu ndani yake. La tatu ni vitenzi na vielezi vya kujipunguza: nilijaribu, nilijitahidi, kwa kiasi fulani, kadiri nilivyoweza. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa njia za mtu kujiondoa katika tendo lake, na mtu mwenye aibu huzijua zote bila kufundishwa.

Usidhani kwamba mwenye majivuno anaandika vizuri zaidi. Yeye huandika "mimi ni mchapakazi hodari, mbunifu na mwenye kujituma." Haya ni maneno ya sifa, nayo hayana uzito kuliko "nilijitahidi kwa kiasi fulani". Ukiwaweka wawili hawa mbele ya mhakiki, utaona kwamba wana upungufu uleule: hakuna tarehe, hakuna idadi, hakuna jambo lililotendeka. Mmoja amejihukumu juu, mwingine amejihukumu chini, na wote wawili hawakuleta shahidi. Lakini msimamizi mwenye fomu nyingi mezani humwamini aliyesema kwa sauti.

Tumefikaje hapa? Sehemu ya jibu imo katika methali tulizolelewa nazo. Tumeambiwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tumeambiwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Mtoto aliyekua akiyasikia haya jikoni na barazani, kisha akawa mwalimu, akipewa fomu ajisifu, huona kama anaombwa atende utovu wa adabu mbele ya wakubwa. Na ni kweli pia kwamba mwamba ngoma huvutia kwake, hivyo hatuna sababu ya kumwamini kila ajisemeaye. Methali hizi si mbaya. Zilitungwa kwa ajili ya kijiji au mtaa ambamo kila mtu aliiona kazi ya mwenzake. Kizuri kilijiuza kwa sababu wanunuzi walipita mbele yake kila siku. Ofisini mambo ni mengine. Anayetoa uamuzi wa kupandisha vyeo huenda yuko mkoa mwingine, hajawahi kulikanyaga darasa lako, na kitu pekee cha kwako anachokiona ni karatasi, au siku hizi kioo cha kompyuta. Mbele yake, kizuri kisichosema hakijiuzi. Hakipo.

Wala tatizo si letu peke yetu. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani, Christine Exley na Judd Kessler, walichapisha utafiti kuhusu wanaume na wanawake waliofanya mtihani kisha wakatakiwa kueleza walivyofanya. Wanawake walijieleza kwa uhafifu kuliko wanaume waliopata alama sawa na zao. Linalonigusa zaidi ni kwamba tofauti hiyo haikutoweka hata pale kila mmoja alipojulishwa alama alizopata hasa. Maana yake ni kwamba si suala la kutojua tu. Mtu anaweza kujua idadi kamili ya majibu aliyopata, na bado akiambiwa achague neno la kuelezea kazi yake, akachagua neno dogo. Ugonjwa umo katika neno la sifa, si katika hesabu. Nami natoa funzo hili: mtu wa namna hiyo asisukumwe achague neno kubwa zaidi. Aruhusiwe kuleta hesabu na kuliacha neno.

Jambo hili wazee wetu wa fasihi walilijua zamani, na tunaweza kulisoma katika kazi zao. Chukua vivugo, yale majigambo maarufu ya Wahaya wa Kagera. Mtu husimama mbele ya kiongozi na mbele ya watu, akajisifu waziwazi. Kwa haraka mtu atasema huo ni mfano wa kiburi. Lakini kihakiki, kivugo kina masharti makali. Anayejigamba hutaja matendo, mahali na waliokuwapo, na hadhira inayomsikiliza inayo masikio na kumbukumbu. Akidanganya atachekwa. Kujisifu huko kumezungukwa na mashahidi pande zote, na ndiyo maana jamii ilikuruhusu.

Kwa upande wa pili wa nchi zetu, katika pwani ya Lamu, tunao mfano wa unyenyekevu. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Alikuwa mgonjwa, na mumewe Bwana Mataka wa Siyu alikuwa amekwisha kufariki. Kuelekea mwisho wa utendi anajitaja kwa namna ya chini kabisa: mtu mpweke, mwenye huzuni, mwenye dhambi nyingi anayetumaini msamaha wa Mola. Nani angejieleza hivyo katika fomu ya kazi? Hata hivyo tazama anachofanya baada ya hapo. Anataja idadi ya beti alizotunga, kwamba ni 102, na anataja mwaka wa Hijria, 1275. Hasemi kwamba utendi wake ni mzuri, wala hasemi kwamba ni mbaya. Anahesabu kazi, anaitia tarehe, anaikabidhi.

Ndugu msomaji, katika beti hizo chache za mwisho naona tathmini binafsi bora kuliko nyingi nilizozipokea mezani. Unyenyekevu wake uko mbele za Mungu na unahusu nafsi yake. Usahihi wake uko mbele ya wasomaji na unahusu kazi yake. Hakuchanganya mambo hayo mawili. Mtumishi asiyejiamini huyachanganya: kwa kuwa nafsi yake anaiona ndogo, anaipunguza na kazi pia, kana kwamba beti 102 zingekuwa 60 kwa sababu mtungaji ni mtu dhaifu. Huko si kunyenyekea. Mnyenyekevu anaujua urefu wake, ila hausemi bila kuulizwa. Asiyejiamini hajui urefu wake, na akiulizwa huonyesha chini ya goti. Taarifa yake inakuwa si ya kweli, na taarifa isiyo ya kweli haiwi njema kwa sababu tu imekosea kwa kwenda chini.

Walimu tunacho chombo cha kujifunzia jambo hili, nacho ni andalio la somo. Mwisho wa andalio kuna nafasi ndogo ya tathmini na maoni, ambayo mwanachuo huijaza baada ya kila kipindi katika mazoezi ya kufundisha. Ni fomu ya kujipima ya kila siku. Wanachuo wengi huandika hapo "somo lilieleweka vizuri" kwa sababu mkaguzi yuko njiani, au "somo halikueleweka" kwa sababu wamekata tamaa. Maneno hayo mawili yana kasoro moja. Mwanachuo anayeandika kwamba wanafunzi 31 kati ya 45 waliweza kutoa sehemu zenye asili tofauti, na kwamba 14 waliobaki walikwama katika kutafuta asili ya pamoja, huyo amekwisha kuwa mwalimu, hata kama mikono yake bado inatetemeka anaposhika chaki. Sentensi yake haikumsifu wala kumlaumu, lakini kesho anajua pa kuanzia.

Nitoe mfano wa kubuni wa fomu ya mwaka. Mkufunzi wa Hisabati ameandika: "Nilijitahidi kuwasaidia wanachuo dhaifu kwa kiasi fulani." Sasa mkufunzi huyohuyo, bila kuongeza kiburi hata chembe, aandike hivi: "Kuanzia Februari hadi Mei nilifundisha kila Jumatano jioni wanachuo 14 waliopata chini ya alama 40 katika jaribio la kwanza. Katika jaribio la pili, 9 walivuka alama 40. Waliobaki 5 hawakuvuka. Nimependekeza wapewe mazoezi ya sehemu na asilimia kabla ya muhula ujao." Katika maneno haya hakuna sifa hata moja. Hakuna hodari, hakuna mahiri. Mwenye haya anaweza kuyaandika bila kuona uso ukimwaka. Na zaidi ya hayo, upungufu umetajwa pasipo kujidhalilisha: umewekewa mpaka, ni wanachuo 5, na una dawa inayopendekezwa. Asiyejiamini akiachwa aeleze udhaifu wake huumwaga wote kama maji, mpaka msomaji hajui ni mkubwa kiasi gani. Udhaifu nao una haki ya kuhesabiwa.

Lakini ushahidi hauokotwi mwezi wa Juni, siku mbili kabla ya fomu kukusanywa. Kumbukumbu ya mtu asiyejiamini ina upendeleo: huhifadhi lawama na kutupa shukrani. Akiketi kuandika mwisho wa mwaka, kinachomjia kwanza ni ile siku aliyokaripiwa kikaoni. Kwa hiyo namshauri awe na daftari dogo, na kila Ijumaa aandike mistari mitatu: alichofanya, aliyefaidika, kilichobaki. Azimio la kazi, daftari la mahudhurio na karatasi za majaribio zitamtolea ushahidi wa ziada. Siku ya fomu hatatakiwa kujiuliza yeye ni nani. Atafungua daftari na kunakili.

Kuna watakaonipinga kwa kusema kwamba namba nazo hudanganya, na kwamba kazi nzuri ya mwalimu, kama kumtuliza mtoto aliyefiwa au kumrudisha darasani binti aliyetaka kuacha shule, haihesabiki. Ni kweli. Lakini sikusema namba peke yake, nimesema ushahidi. Kumrudisha binti mmoja darasani ni tendo, lina siku yake na lina mashahidi wake, na linaweza kuandikwa katika sentensi moja bila kumtaja jina. Anayeliacha kwa kuwa halina kisanduku chake analipoteza, na wakubwa wataendelea kudhani kwamba jambo hilo halifanyiki katika shule zetu, au kwamba hufanyika lenyewe.

Mwisho nina neno kwa wanaokaa upande wa pili wa meza. Ile safu ya tatu, ya makubaliano, inadhani kwamba wanakutana watu wawili walio sawa. Katika shule na vyuo vyetu mara nyingi anakutana kijana wa miaka 26 na mtu wa umri wa baba yake. Kijana ameingia akasema shikamoo, na baada ya shikamoo ni vigumu sana kusema "sikubaliani na alama hii, mzee." Makubaliano ya namna hiyo ni heshima tu iliyoandikwa kwa tarakimu. Basi msimamizi mwenye busara asitaje alama yake kwanza. Aulize: ulifanya nini, nionyeshe. Akiona "tulianzisha maktaba", aulize ni nani aliyeandika orodha ya vitabu. Akiona "nilijitahidi", aulize siku ngapi. Maswali haya hayamdhalilishi mwenye haya, na wala hayampendelei, kwa kuwa mwenye majivuno naye ataulizwa yaleyale na pengine atapungua kimo. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na haki ya mtumishi mnyamavu ni kuulizwa swali ambalo anaweza kulijibu.

Mifumo itakuja na kupita. Bahasha ya siri imekwenda, fomu ya karatasi imekwenda, na kioo cha kompyuta nacho kitapata mrithi wake. Kila mmoja wao utamwuliza mfanyakazi kama yeye ni bora, na mtu asiyejiamini ataendelea kutojua la kujibu. Asijibu swali hilo. Aandike alichofanya, kiasi chake na siku yake, atie sahihi, kisha aende akafundishe.